Mkono Unaolima

Ulyankulu, 18 Mei 1997

Masenge wangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Wenzangu huku wananicheka nikisema masenge, wanasema mtu aliyemaliza darasa la saba anasema shangazi. Waache. Mashangazi wapo wengi, lakini dada wa baba aliyenibeba mgongoni baba alipokufa ni wewe peke yako.

Bibi mzaa mama, niliyekuja kumuuguza, miguu bado inamsumbua, ila ulimi mzima kabisa. Anatukana kuku na watu bila ubaguzi. Mvua ilituacha mapema lakini mihogo imekubali, hatulii njaa. Na nyie huko Litapunga mko salama? Jirani yako Esteria bado anakuja kuomba chumvi kila jioni?

Sasa neno lenyewe. Kaa chini kwanza. Nimeposwa. Anaitwa Arcade, anaendesha mashine ya kusaga hapa kwetu. Ulimwona mwaka juzi alipokuja huko na kwaya yao, yule mrefu aliyepiga ngoma. Nampenda, Masenge, sina namna nyingine ya kusema. Mama yake anaitwa Thacienne, msukaji wa vikapu kama wewe, mtu wa mambo ya zamani. Hakuniuliza kama najua kupika. Aliuliza, "Una senge?" Nikamjibu ninaye, na vikapu vyake vinajulikana mpaka Mishamo. Akasema basi watangoja kikapu, maana kwao hawachukui mke ambaye senge wake hajamfunika.

Nilicheka moyoni. Nilikumbuka wale waliokuja kumposa Providence, binti wa baba mdogo. Uliwasukia kikapu kizuri, ukakiweka mlangoni bila mfuniko, ukawakaribisha ugali na maharage. Hukusema hata neno. Walikula, wakanawa, wakakitazama, wakaenda zao moja kwa moja. Baadaye ndipo tukasikia yule kijana ni mwizi wa ng'ombe.

Mimi nisukie chenye mfuniko, ule mrefu wenye ncha. Tunataka Oktoba, kabla mvua hazijaanza.

Mwanao,
Emelyne


Litapunga, 22 Juni 1997

Mwanangu Emelyne,

Barua yako imefika imekunjwa kama sambusa, aliyeileta aliificha kwenye kiatu. Lakini imesomeka. Nilipiga vigelegele mpaka Esteria akaja mbio akidhani nimeona nyoka. Alipokuta hakuna nyoka akaomba chumvi.

Huku tu wazima, mwenye kikohozi ana kikohozi, mwenye deni ana deni. Mahindi tumeshavuna. Majirani wanakausha tumbaku, kijiji kizima kinanuka. Nimeacha ule mradi wa akina mama, ule wa vikapu vidogo vya kupelekwa Ulaya. Miaka yote ile nasuka kuanzia alfajiri mpaka giza linaingia, ukubwa uleule, ua lilelile, na yule mama wa mradi anasema fanya haraka, wageni wanapenda. Nimechoka. Macho hayataki tena. Usiulize zaidi ya hapo.

Arcade namkumbuka. Ngoma anaijua. Ila mwanaume anayecheka kila neno huwa namwogopa kidogo, sijui huwa anamcheka nani. Lakini anayeolewa si mimi, na wewe si mtoto. Kama moyo wako umetulia, wangu pia utatulia.

Mwambie Thacienne senge yupo na hajafa. Ukindu nimeukata mwenyewe mtoni na nusu yake nimeitia weusi kwa tope. Kitako cha kikapu nimekwisha kukianza. Msalimie bibi, mwambie kuku hawana kosa.

Shangazi yako,
Libérate


Ulyankulu, 3 Agosti 1997

Masenge,

Ningekuwa karibu ningekurukia shingoni. Padri ametupa Jumamosi ya tarehe kumi na moja Oktoba. Nguo nimeazimwa na mwalimu wa chekechea, inapwaya kidogo lakini itapunguzwa.

Makarius, yule muuza samaki wakavu anayepanda treni mpaka Mpanda, atapita kwako mwezi ujao. Mpe kikapu, ni mtu mwaminifu, ataking'ang'ania kuliko samaki zake. Thacienne ameshatenga mahali pa kukiweka. Kila nikienda kwao ananionyesha, "Kitakaa pale." Mimi naona aibu, naangalia chini.

Arcade anakusalimu. Nimemwambia ulivyosema juu ya kucheka kwake, akacheka.

Emelyne


Litapunga, 14 Septemba 1997

Mwanangu mpendwa,

Salamu na baraka. Tumempokea Makarius, amekula, amelala, ameondoka. Hakuondoka na kikapu. Usishtuke. Ukindu niliokata ulikuwa mchanga, ulikauka ukaanza kupasuka, na mimi sitaki mtu kama Thacienne akipinduapindua kitu changu na kuona ufa. Jua la mwaka huu nalo ni la hasira.

Hebu msogeze harusi mbele mpaka baada ya Noeli. Harusi haiozi. Mwambie padri shangazi yako ni mzee, anasuka polepole.

Esteria ameota kwamba umezaa mapacha. Nimemwambia aote mambo ya nyumbani kwake.

Libérate


Ulyankulu, 30 Septemba 1997

Masenge,

Huku wote wazima. Bibi anakusalimu.

Makarius amerudi na nimemuuliza kila kitu. Anasema hukuwa mgonjwa. Anasema alikukuta unachanja kuni, tena unampiga utani kwamba yeye ananuka kuliko mzigo wake. Anasema kikapu alikiona juu ya dari, kimesimama vizuri, ubavu wote umekwisha, kizuri ajabu. Hakina mfuniko.

Nilimwomba asimwambie mtu. Lakini ameshamwambia mkewe, na mkewe anasaga kwa Arcade.

Nakuuliza na usinizungushe. Humtaki? Kama kuna jambo umelisikia juu ya ukoo wao, niambie mimi, mimi si wale wa Providence wa kulishwa maharage na kuachwa wasome kikapu. Baada ya Noeli siwezi. Siwezi kungoja, na usiniulize kwa nini. Ile nguo ya mwalimu haihitaji tena kupunguzwa.

Emelyne


Litapunga, 19 Oktoba 1997

Mwanangu,

Ile habari ya nguo nimeielewa, na sitaisema kwa mtu. Ule vizuri, usibebe ndoo kubwa.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Nimeficha vya kutosha. Sasa sikiliza, na ukimaliza usimsomee mtu.

Sikuacha mradi kwa sababu ya macho. Ni mkono wa kulia. Ulianza mwaka jana, wakati wa vile vikapu vya haraka. Nikishika msumari wa kusukia, kidole cha shahada kinaanza kujikunja chenyewe kuingia kiganjani, polepole, kama kuna mtu anakiita. Dole gumba linakuja kukilalia juu. Kisha kiwiko kinapanda na bega linakaza. Nikikinyoosha kwa mkono wa kushoto kinanyooka, nikikiachia kinarudi. Hakiumi sana. Kingeuma ningeshukuru, maana maumivu kila mtu anayajua. Nikiweka msumari chini, mkono unafunguka, mzima kabisa.

Hapo ndipo penye balaa. Nalima. Natwanga. Nachanja kuni, Makarius hakusema uongo. Nasonga ugali wa msibani, sufuria nzima, peke yangu. Nakuandikia barua hii na herufi zimesimama vizuri kama ulivyozoea. Lakini nikishika msumari tu, mkono unafunga. Unanitazama mimi mwenye mkono kama mgeni.

Kwanza nilidhani ni uvivu, nikaamua kuukomesha. Nikasuka zaidi. Nikakifunga kidole kamba nikasuka, nikaupaka mkono mafuta ya nyoka nikasuka. Kadiri nilivyolazimisha ndivyo ulivyozidi. Zahanati wakanipa Panadol. Nikaenda Mpanda mjini. Daktari akasema kunja ngumi, nikakunja. Fungua, nikafungua. Shika kalamu, nikashika. Akaniuliza kazi yangu, nikamweleza yote. Akasema, "Mama, ugonjwa huu hauko mkononi, uko kichwani. Vidole vimerudia jambo moja miaka mingi mpaka kichwa kimesahau kuvitenganisha. Dawa yake hapa hatuna, na ukiulazimisha utazidi." Kichwani! Nilisimama nikamwambia mimi siyo kichaa, atafute kichaa wake mwingine. Niliondoka bila kuaga.

Esteria anasema kuna mtu amenifunga. Padri anasema nisali. Nimesali, Emelyne. Nimesali nikiwa nimeshika msumari, na kidole kikajikunja katikati ya Salamu Maria.

Kikapu chako nimekipigania. Kitako kilikwenda. Ubavu niliusuka mizunguko michache kwa siku, nikilia kwa hasira kama mtoto. Lakini mfuniko unataka vidole vitatu kila kimoja na kazi yake, mahali padogo, na mimi sina vidole vitatu tena vya kusuka. Nina ngumi.

Simkatai Arcade. Simjui vya kumkataa. Mwambie Thacienne senge wako amekubali na anapiga magoti kukubali, ila mkono ndio umegoma.

Shangazi yako anayekupenda,
Libérate


Ulyankulu, 16 Novemba 1997

Masenge,

Salamu. Bibi alilazwa kwa malaria, ametoka. Ile Jumamosi ya padri imepita bila harusi.

Nimeisoma barua yako mpaka karatasi imelegea. Nilitaka kuamini. Lakini naomba ujiweke mahali pangu. Mkono unaolima, unaotwanga, unaochanja kuni na kusonga ugali wa msiba, mkono unaoandika kurasa nne bila kutetemeka, umekataa kikapu changu tu? Katika kazi zote za duniani, hicho tu?

Ulisema nisimsomee mtu. Nimemsomea Thacienne. Nilidhani utanisamehe ukijua maji yamezidi unga. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, kisha akaomba aione barua. Hajui kusoma. Alipitisha kidole juu ya mistari, mmoja baada ya mwingine. Akasema, "Imenyooka hivi. Senge wako ana adabu sana. Anakataa bila kumtukana mtu."

Nikamwomba akubali barua mahali pa kikapu. Akasema maneno mtu anaweza kulazimishwa kuyasema, lakini kikapu hakilazimishwi, ndiyo maana wazee walichagua kikapu. Akasema mtoto anayezaliwa nyumba ambayo senge ameiacha wazi hakai duniani. Alisema hivyo huku ananitazama tumbo.

Mwanaume anayecheka kila neno unamwogopa. Hayo uliyaandika wewe, siyo mkono wako. Au mkono ulijiandikia wenyewe?

Kama unasema kweli, njoo. Chukua kibali cha kutoka makazini, panda treni, uje ushike msumari mbele ya Thacienne.

Emelyne


Litapunga, 25 Januari 1998

Mwanangu,

Barua yako ilikaa Mpanda wiki na wiki. Mvua za mwaka huu hujapata kuziona. Madaraja yamekwenda, reli imekatika, mashamba ya bondeni ni maziwa. Nyumba ya Esteria imeanguka upande, anakaa kwangu na chumvi sasa ni yetu sote.

Kibali nimekwenda kuomba. Siku hizi sisi wakimbizi wa makazi hatutoki hovyo, wamekaza. Wananipa kibali cha ugonjwa au cha msiba. Nikasema ni ugonjwa. Wakaniambia nionyeshe. Nikaonyesha mkono, wakautazama, wakaambiana, "Mzima huu." Wakaniambia ningoje.

Lakini Mungu si Athumani. Kikapu kimekwisha, na mfuniko wake. Makarius amekwama huku tangu Noeli, treni ya kwanza ikipita atakuletea. Ndani nimetia ulezi wa shamba letu, kama inavyotakiwa. Mpe Thacienne kwa mikono miwili, uiname kidogo. Halafu vaa nguo uende kanisani, hata kama inabana.

Libérate


Ulyankulu, 8 Machi 1998

Shangazi,

Kikapu kilifika Jumanne. Nilikipokea nikipiga kelele barabarani, watu wakatoka nje. Nilikibeba kichwani mpaka kwa Thacienne na tumbo langu lote hili mbele, sikuona aibu hata kidogo. Nilipiga magoti. Nilimpa kwa mikono miwili.

Alikipeleka mlangoni penye mwanga. Akafungua, akafunika, akafungua. Akaingiza kidole ndani. Kisha akamwita Arcade atoke kwenye mashine aje asikie. Akasema, "Aliyesuka chini anachoma msumari kutokea ndani, na anakaza. Aliyesuka mfuniko anachoma kutokea nje, na mkono wake umelegea. Hawa ni watu wawili." Akaniuliza taratibu, "Nani amekufunika, binti? Jirani?"

Nilikichukua kikapu nikakifunika. Arcade alirudi kwenye mashine yake. Ni mara yangu ya kwanza kumwona hacheki.

Ningekubali kukataliwa na wewe. Wallahi ningekubali, ningelia nikanyamaza, maana haki hiyo unayo. Lakini kunitumia kitu cha kudanganyia, nikapiga nacho magoti mbele ya watu! Sasa wanasema kwetu tuna senge anayekataa na kisha anaona haya kukataa, na huo ndio ubaya zaidi. Thacienne amemkataza mwanawe asifike hapa. Anatii.

Nakirudisha na Makarius. Ulezi nimeumwaga.

Emelyne


Litapunga, 19 Aprili 1998

Mwanangu Emelyne, roho yangu,

Sina salamu za kupanga leo. Tuko hai.

Ni kweli, Esteria ndiye aliyesuka mfuniko. Nilimkalia pembeni nikimwelekeza kila tundu. Nilidhani macho ya Thacienne yatakuwa yamezeeka kama yangu. Nilitaka uolewe kabla mtoto hajafika, hilo tu. Mwenye njaa haulizi kijiko cha nani. Nimekuaibisha na sitajitetea.

Lakini mkono ni kweli. Nakuapia kwa kaburi la baba yako Pontien. Usiponiamini kwa hilo basi sina kingine.

Kesho kutwa nakwenda Mwese kwa mguu. Kule milimani kuna mfunga mifupa anaitwa Melkiadi, amenyoosha watu walioanguka miembeni na watu waliokanyagwa na nyati. Ametuma neno kwamba kidole kinachojikunja ni kama mti mchanga uliopinda. Unaufungia kwenye ubao mpaka usahau kupinda. Nitakaa kwake mpaka kisahau. Nikirudi nitakusukia kingine, kuanzia kitako mpaka ncha, na Thacienne aingize vidole vyote kumi. Mngojeshe kidogo tu. Mwambie Arcade asiondoke.

Nisubiri, mama.

Libérate


Ulyankulu, 12 Julai 1998

Shangazi,

Nakujulisha kwamba nimejifungua tarehe mbili Aprili. Ni msichana. Ni mzima.

Nakujulisha pia kwamba Arcade ameoa. Amechukua binti wa kijiji cha pili, senge wake alileta kikapu mapema, chenye mfuniko. Kiko pale mahali pangu, kila nikienda kusaga nakiona. Hakuja kumwona mtoto. Ametuma kanga.

Zamani nilikuwa nasema nikipata msichana nitamwita Libérate. Sikumwita. Nimempa jina la mwalimu wa chekechea, Glory, kwa sababu alinisaidia bila kunieleza mambo marefu.

Sijui kama ulikwenda kwa huyo mfunga mifupa, na siulizi. Mtu atapita huku tena, ataniambia amekuona unalima. Sitaki tena kusikia. Naomba usiniandikie.

Emelyne


Litapunga, 20 Septemba 1998

Emelyne,

Umesema nisikuandikie. Hii ni ya mwisho na ni fupi.

Nilikwenda. Melkiadi aliulaza mkono kwenye ubao akaufunga kwa ngozi mbichi ya ng'ombe. Ngozi ikikauka inabana. Vidole vilipoanza kufa ganzi nilinyamaza. Niliogopa nikisema atafungua mapema, na kile kidole kitarudi kujikunja. Alipofungua, mkono ulikuwa mweusi. Mpanda wamekata vidole viwili, cha shahada ni kimojawapo. Vilivyobaki havisikii hata moto.

Barua yako niliikuta nyumbani. Mtoto umemwita vizuri. Asubuhi kuna baridi, mfunike kifua.

Kikapu nimempa Esteria, anawekea chumvi.

Herufi hizi zinazoanguka ni za mkono wa kushoto, Esteria ananishikia karatasi isikimbie. Watu wameanza kusafisha mashamba, mvua si mbali. Langu limelala. Akipita mtu huko akakwambia ameniona nimeshika jembe, huyo ni mwongo. Uliniuliza iweje mkono unaolima ukatae kikapu chako tu. Sasa haulimi, mwanangu. Sasa unaweza kuniamini.

Libérate